Nani Mwenye Kusema Basi? Ridhaa kama Sifa ya Tano ya Sanaa za Maonyesho katika Igizo la Kitabibu la Watu Wazima

1.0 Utangulizi

Tangu Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipochapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamefundishwa kuitambua sanaa ya maonyesho kwa sifa nne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Sifa hizo zimetufaa sana. Zilituwezesha kuziita ngoma, jando, unyago na matambiko kwa jina lake stahiki, wakati ambapo wengi waliamini kuwa drama ililetwa na meli pamoja na jukwaa la mbao. Makala haya hayakusudii kuzibomoa. Yanadai tu kwamba zina pengo, na kwamba pengo hilo halionekani mpaka tuzipeleke mahali ambapo wahakiki wetu hawajapenda kwenda.

Mahali penyewe ni igizo la kitabibu la watu wazima. Watu wawili, wenye umri na akili timamu, wanakubaliana kwamba kwa saa moja au mbili mmoja wao atakuwa daktari au muuguzi na mwingine atakuwa mgonjwa, katika uhusiano wa kimapenzi wa kutawala na kutii unaojulikana ulimwenguni kwa kifupi cha BDSM. Dhana ipo, watendaji wapo, uwanja upo. Watazamaji hawapo, tena kutokuwapo kwao ni sharti. Kwa kipimo cha mwaka 1976 basi hii si sanaa ya maonyesho. Lakini mtu yeyote aliyesoma maelezo ya igizo hilo ataona maleba, vifaa, mazungumzo, mgogoro na kilele, na atasita kulinyima jina hilo.

Nilipoiwasilisha hoja hii kwa mara ya kwanza katika semina ya wanafunzi, niliulizwa mada hii inahusiana nini na Kiswahili, na hasa inahusiana nini na mtu aliyekulia Haneti, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ambako watu wanajulikana kwa uwele, ng'ombe na mawe ya kijani yanayochimbwa mlimani. Swali lilikuwa la haki, na sehemu kubwa ya makala haya ni jibu lake. Aidha, nieleze mapema kwamba sijishughulishi na kuhukumu wanaofanya maigizo haya wala kuyapigia debe. Itoshe kukumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la uainishaji wake wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliondoa katika orodha ya maradhi mapenzi ya aina hii yanayofanywa kwa ridhaa. Kinachobaki mezani ni swali la mhakiki: igizo hili linafanya kazi kwa namna gani, na linatufundisha nini kuhusu maigizo mengine tunayoyajua vizuri zaidi?

2.0 Igizo lenyewe

Asiyelifahamu igizo hili hudhani kwamba kiini chake ni maumivu. Mara nyingi sivyo. Sehemu kubwa ya muda wake ni kungoja, kuulizwa maswali na kutii maagizo madogo madogo. Vua shati. Kaa hapo. Usizungumze mpaka niulize. Kuna koti jeupe, glavu, stetoskopu, taa kali, kitanda kilichotandikwa shuka moja, na karatasi ambayo daktari anaiandika bila kumwonyesha mgonjwa. Nguvu ya daktari inatokana na vitu viwili: anajua jambo ambalo mgonjwa halijui, na ana ruhusa ya kumgusa. Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu kuzaliwa kwa kliniki, alieleza jinsi tiba ya kisasa ilivyojengwa juu ya jicho linalotazama mwili na kuugeuza kuwa maandishi. Igizo la kitabibu limelichukua jicho hilo na kulifanya muhusika.

Kinachovutia zaidi kwa mhakiki hutokea kabla ya igizo kuanza. Wenye uzoefu hukaa kwanza na kuzungumza, mara nyingine kwa siku kadhaa. Wanataja kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Wanaulizana kuhusu pumu, shinikizo la damu, mzio, na mambo ya zamani ambayo yasiguswe. Kisha wanachagua neno la kusitisha. Neno hilo halipaswi kuwa “hapana”, wala “niache”, kwa sababu katika igizo la aina hii mgonjwa anaweza kusema “hapana” kama sehemu ya mazungumzo ya muhusika wake, na daktari akaendelea bila kosa. Hivyo huchaguliwa neno lisilo na nafasi yoyote hospitalini. Wengi hutumia rangi za taa za barabarani: njano ni kupunguza, nyekundu ni kuacha papo hapo. Likitamkwa, koti jeupe linavuliwa, na waliobaki chumbani ni watu wawili wanaojuana kwa majina yao.

Hii ina maana kwamba igizo lina lugha mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni lugha ya wahusika, ambamo daktari ndiye bwana. Ya pili ni lugha ya mapatano, ambamo mgonjwa ndiye mwenye amri ya mwisho. Mgonjwa ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya matini anayotendewa, na ndiye anayeweza kuifuta kwa neno moja. Foucault huyo huyo, katika mahojiano aliyofanyiwa mwaka 1982 na kuchapishwa mwaka 1984, alitofautisha michezo hii na mamlaka ya kijamii kwa hoja hiyo hiyo: katika mchezo nafasi zinaweza kubadilishana, na hata zisipobadilika wote wanajua kuwa ni mchezo, mamlaka ya kijamii yameganda katika taasisi. Ninamkubalia kwa sehemu. Hakusema lolote la maana kuhusu vifaa, na katika igizo la kitabibu vifaa si mapambo. Sindano ya kweli hutoboa ngozi ya kweli hata ikishikwa na daktari wa uongo. Mpira wa mkojo unaopitishwa na mtu asiyefunzwa huleta maambukizi ambayo hakuna neno la kusitisha litakaloyazuia. Ndiyo maana kaulimbiu iliyoasisiwa New York mwaka 1983 miongoni mwa wanaume wa jamii hizo ilitaja usalama na utimamu kabla ya kutaja ridhaa. Ridhaa haiondoi hatari. Inaamua tu ni nani mwenye haki ya kuikabili.

3.0 Daktari wa kalela

Wanaodhani kwamba kuvaa koti la daktari kwa ajili ya mchezo ni jambo la wageni wanasahau beni. Terence Ranger (1975) ameonyesha jinsi ngoma hiyo ilivyotoka pwani ya Kenya na Tanganyika ikasambaa bara, ikiwa na makundi kama Marini na Arinoti, vyeo vya kijeshi na sare zake. Ndugu yake wa karibu ni kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia ya leo, na kuiandikia kitabu kidogo mwaka 1956. Katika kundi alilolieleza, wachezaji walivaa kama mabwana wa mjini: suruali zilizopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, nywele zilizochanwa. Miongoni mwao alikuwamo “daktari” aliyevaa joho jeupe la upasuaji lenye msalaba mwekundu kifuani, kazi yake ikiwa ni kuwatia moyo wachezaji. Alikuwamo pia “muuguzi”, mwanamke pekee wa kundi, mwenye mavazi meupe, aliyepita na kioo na kitambaa ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho.

Mitchell anayasoma mavazi hayo kama ngazi ya hadhi: Waafrika wa migodini waliigiza maisha ya Wazungu kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa kipimo cha heshima. Usomaji huo una nguvu, na sina sababu ya kuukataa. Ila unapita haraka mno juu ya muuguzi mwenye kioo. Katika hospitali ya kampuni ya mgodi, mfanyakazi alitazamwa. Alipimwa uzito, alipimwa kifua, na majibu yakaandikwa mahali asipopaona. Katika kalela, mavazi yale yale yanakuja kwa mchezaji na kumkabidhi kioo. Anajitazama mwenyewe. Daktari naye hapimi mtu, anatia moyo. Wachezaji wameuchukua utaratibu wa hospitali na kuuondolea jicho lake, wakaacha kitambaa cheupe na huduma.

Kalela haikuwa mapenzi, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba mahali penye historia yetu ya hofu ya wavaa sare, hofu ambayo Luise White (2000) ameifuatilia katika masimulizi ya mumiani na wazimamoto wanaofyonza damu za watu, kuvaa koti la daktari kwa hiari na kulivua kwa hiari ni tendo lenye uzito. Igizo la kitabibu la wapenzi wawili linafanya jambo hilo hilo ndani ya chumba: linamwita mtu anayeogopwa, linamwekea mipaka, na linamruhusu aende.

4.0 Wanawake waliochukua fimbo

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1968 Peter Rigby alichapisha makala kuhusu baadhi ya matambiko ya utakaso ya Wagogo. Msingi wake ni dhana ya mbeho, neno ambalo Mswahili atalisikia karibu na upepo na baridi, na ambalo kwa Kigogo linabeba hali nzima ya nchi na ya watu wake: ikiwa nzuri, mvua hunyesha, ng'ombe huzaa na watoto hukua, ikiharibika, ukame na maradhi huingia. Mbeho inapoharibika na njia za kawaida zikashindwa, wanawake huvaa kama wanaume. Hushika fimbo na silaha, huiga mienendo ya wanaume, huchunga ng'ombe, kazi ambayo kwa kawaida si yao, na hucheza kwa ukali wakiifukuza balaa kuelekea magharibi mpaka mpakani mwa nchi, ambako huitupa. Magharibi ni upande wa kifo na uchawi. Kwa kuwa mwendo wa mambo umepinduka, watu nao wanapinduliwa ili mambo yarudi.

Tukilitazama tambiko hili kwa kipimo cha sifa nne, linafaulu kwa urahisi, na mwalimu wa sekondari angeweza kulifundisha kesho asubuhi. Hata hivyo kipimo hicho hakigusi swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa: wanaume walikuwa wanafanya nini? Kwa saa hizo walikuwa wamenyang'anywa fimbo, ng'ombe na sauti. Walijiweka pembeni. Tambiko zima lilitegemea kukubali kwao kutokuwa wanaume wenye amri mpaka jua litue. Max Gluckman (1954), aliyeandika juu ya matambiko ya namna hii kusini mwa Afrika, aliyaita maasi yanayoimarisha utaratibu uliopo: wanyonge wanapewa siku moja ya kufoka ili wavumilie siku nyingine zote. Kwa mtazamo huo wanaume hawatoi kitu, wanasubiri tu. Nadhani Gluckman anaona valvu ya mvuke mahali penye mapatano. Mtu anayeamini kwa dhati kuwa mkewe anatibu nchi hamsubiri achoke. Anamwachia nafasi kwa sababu bila hiyo hakuna tiba.

Bibi yangu, ambaye hakuliona tambiko hilo bali alisimuliwa na mama yake, nilimuuliza kungetokea nini kama mwanamume angekataa kutoa fimbo. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama maji yanaweza kupanda mlima. Akasema, “Mjukuu wangu, mtu anakataa mvua?” Jibu hilo limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu linaonyesha tofauti ambayo makala haya hayawezi kuiruka. Ridhaa ya wanaume wa Ugogo haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Ilitokana na nchi, na ilimfunga hata asiyetaka. Ndivyo ilivyo pia katika utani, ambao A. R. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza kama uhusiano ambamo upande mmoja unaruhusiwa kukejeli na mwingine hauruhusiwi kukasirika. Mtani wangu hakuniomba idhini ya kunitania msibani, aliirithi. Katika igizo la kitabibu mambo ni kinyume: ridhaa ni ya watu wawili waliomo chumbani, ni ya leo, na inaweza kuondolewa katikati ya sentensi. Kwa hiyo wale wanaotaka kusema kwamba mababu zetu walikuwa na BDSM kwa jina jingine wanakosea, kama wanavyokosea wale wanaosema kuwa hatukuwa na chochote kinachofanana nayo. Kinachofanana ni uhitaji wa ridhaa. Chanzo chake ndicho kinachotofautiana, na hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

5.0 Juma, Kitaru na mchezo usio na mwisho

Fasihi andishi ya Kiswahili ina igizo moja ambalo linaweza kusomwa upya kwa mwanga huu. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanaanza mchezo. Juma anakuwa Shetani, Kitaru anakuwa Binadamu. Ndani ya dunia yao hakuna mtazamaji, wako wawili. Shetani anajigamba kwa nguvu zake, Binadamu anakabiliana naye, na mchezo unafikia mauaji ya kuigiza. Baada ya hapo Kitaru hatoki. Anaugua, na ugonjwa wake unakuwa shauri la familia inayovutwa kati ya tiba ya hospitali na hofu ya pepo.

Wahakiki wengi wamelisoma igizo hili kama fumbo la ukoloni mamboleo na la matabaka baada ya uhuru na Mapinduzi. Sina ugomvi na usomaji huo, na pengine ndio uliolifanya litahiniwe kwa miaka mingi. Lakini kwa kuliharakisha kuwa fumbo tumeacha kuutazama mchezo wenyewe kama mchezo. Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alisema kwamba mchezo ni tendo la hiari lenye mipaka yake ya wakati na mahali. Mchezo wa Juma na Kitaru una hiari mwanzoni, lakini mipaka hauna. Hawakuzungumza kabla. Hawakuulizana ni jambo gani lisiguswe, ilhali kati yao kuna historia ya familia, mali na madaraka ambayo kila mmoja anaijua na hakuna anayeitaja. Zaidi ya yote, hawana neno la kusitisha. Kitaru anapotaka kutoka, hana lugha ya pili ya kutokea. Ana lugha ya Binadamu tu. Kila anachosema kinasikika kama mazungumzo ya muhusika.

Kwa usomaji huu, ugonjwa wa Kitaru una chanzo cha kidrama kabla ya kuwa na chanzo cha kisiasa. Ameumia kwa sababu aliingia katika igizo la utawala na utii bila mapatano. Hussein alikuwa mwanadrama hodari mno kutoliona hilo. Wapenzi wawili wanaocheza hospitali katika chumba cha kupanga, wakiwa wamekubaliana kuhusu nyekundu na njano, wana ustadi ambao vijana hao wawili wasomi hawakuwa nao. Ninajua sentensi hii itawaudhi baadhi ya wasomaji wa Hussein. Naomba wairudie sehemu ya kwanza ya tamthiliya kabla ya kunijibu.

6.0 Mtazamaji asiyealikwa

Hoja yangu ingekuwa nyepesi kama ridhaa ingekuwa jambo la watendaji peke yao. Si hivyo. Mwaka 1987 polisi wa Uingereza walipata ukanda wa video uliowaonyesha wanaume wakifanyiana vitendo vya maumivu faraghani, na mwanzoni waliamini kuwa wameshuhudia mateso ya kweli, hata mauaji. Hakuna aliyeuawa, na hakuna mshiriki aliyelalamika. Hata hivyo wanaume hao walishtakiwa na kutiwa hatiani, na mwaka 1993 rufaa yao ilikataliwa na Mabwana wa Sheria wa Bunge la Uingereza kwa kura tatu dhidi ya mbili, katika shauri linalojulikana kama R v Brown. Ridhaa, walisema waliokuwa wengi, si utetezi katika majeraha ya namna hiyo. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kuwa uamuzi huo umevunja haki ya faragha.

Kwa mhakiki wa sanaa za maonyesho, kesi hii ina mambo mawili. La kwanza ni kwamba igizo lililotendwa bila watazamaji lilipata watazamaji kwa ajali, na watazamaji hao waliliona tofauti kabisa. Waliona dhana inayotendeka, watendaji na uwanja. Hawakuona mapatano, kwa sababu mapatano hayaonekani kwenye kamera, yalifanyika kabla. Mtu aliyezoea sifa nne za mwaka 1976 angetazama ukanda ule ule na angeona kile kile walichoona polisi. Ndiyo sababu ninadai kwamba ridhaa iwe sifa ya tano, isiyoonekana, ambayo bila kuiuliza hatuwezi kusema tunachokitazama ni igizo au ni kitu kingine.

La pili linahusu hospitali. Katika kujadili ni majeraha gani ridhaa inaweza kuyahalalisha, majaji walitaja upasuaji, ndondi na chale za mapambo kama mambo yanayoruhusiwa. Kisu kile kile kinahalalishwa na koti jeupe la kweli na kuharamishwa na koti jeupe la kuigiza. Ninaelewa sababu yake: daktari amesomea, ana leseni, na nia yake inadhaniwa kuwa uponyaji. Nimeshasema kuwa vifaa vina hatari, na sitarajii serikali yoyote iache kuwalinda watu dhidi ya sindano zilizoshikwa na wasiojua. Kinachonitatiza ni dhana iliyojificha chini yake, kwamba penye koti la kweli ridhaa ipo tayari na hakuna haja ya kuulizia.

7.0 Pazia

Hapa nitatoka katika kanuni ya kutojitaja. Miaka michache iliyopita nililazwa katika hospitali moja mjini kwa maumivu ya tumbo yaliyonifanya nishindwe kusimama. Siku ya pili asubuhi pazia la kitanda changu lilifunguliwa bila neno, na daktari mkubwa akaingia akifuatwa na wanafunzi sita au saba. Alivuta shuka. Akaanza kufundisha kwa Kiingereza huku akibonyeza tumbo langu, mahali hapa, halafu pale, na wanafunzi wakainama kutazama. Hakuniambia jina lake. Nilikuwa nimeweka saini kwenye karatasi nilipolazwa, na yawezekana karatasi hiyo iliruhusu yote yaliyofanyika. Sikuisoma, nilikuwa nimejikunja kwa uchungu. Nilisema “jamani” mara moja, kwa sauti ndogo. Neno hilo, katika uwanja ule, lilikuwa sehemu ya mazungumzo ya mgonjwa. Hakuna aliyelisikia kama neno la kusitisha.

Dhana inayotendeka ilikuwapo: somo la ugonjwa wa tumbo. Watendaji walikuwapo, uwanja ulikuwapo, na watazamaji walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Kwa kipimo cha sifa nne ile ilikuwa sanaa ya maonyesho iliyokamilika, na mimi nilikuwa kifaa. Simlaumu daktari yule peke yake. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa wengine walilala wawili wawili, naye alikuwa na vitanda vingine thelathini vya kupitia kabla ya saa nne. Nimeandika tukio hili kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye mada ya makala haya. Nilipoanza kusoma jinsi watu wawili wazima wanavyojiandaa kwa igizo la kitabibu, wanavyoulizana kuhusu mzio na hofu na neno la kuacha, nilijikuta nikifikiri kwamba wanaoigiza hospitali wamekuwa makini kuliko hospitali yenyewe katika jambo ambalo hospitali ndiyo iliyopaswa kuwafundisha.

Wanafunzi walipoondoka, mmoja alibaki nyuma, msichana mwenye miwani na koti lililomzidi ukubwa. Alirudisha shuka kwanza. Kisha akasema, “Samahani dada, hatukukuuliza. Na mimi natakiwa nijaribu kushika hapo ili nijue. Ukikataa ni sawa. Na ukiona inauma niambie tu, nitaacha.”

Nilimwambia aendelee.